Gudulia la Protima na Kidole cha Ghoshal

Haya ninayowasimulia hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata mimi ningesimuliwa na mtu mwingine ningemwambia aende akalale. Ni habari ya gudulia la shaba lisilokwisha maji, ya mwanamke anayelitengeneza, na ya siku ambayo gudulia hilo liligoma wakati nyundo zote za mtaa zimelazwa chini na hakuna fundi aliyeruhusiwa kuzigusa.

Mwanamke mwenyewe ni Protima Karmakar. Mfupi, mabega mapana, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja tangu mwaka juzi, na kila siku anasema kesho ataipeleka kwa fundi. Karakana yake ni chumba kimoja huku kwetu kaskazini mwa Kolkata, katika kichochoro kilichokuwa na wafua shaba arobaini. Sasa wamebaki watatu, na kati ya hao watatu wawili wanatengeneza simu.

Protima hatengenezi simu. Anatengeneza magudulia ya wafanya mazingaombwe. Siri ya gudulia hilo nitawaambia, maana siku hizi hata watoto wa shule wanaijua, ila msiseme mmeisikia kwangu. Shingo ya gudulia haiishii shingoni. Imeshuka ndani kama bomba mpaka karibu na kitako, na huko chini ina tundu la kupitisha maji. Tumbo lililobaki kuzunguka bomba ndicho chumba cha siri. Begani, kwa nje, kuna kitundu kidogo kama punje ya ulezi cha kuingiza hewa. Mchezaji akikiziba kwa kidole gumba na kuliinamisha gudulia, maji ya kwenye bomba humwagika yote, lakini yale ya tumboni hukwama, maana hewa haipati pa kuingia. Watu wanaona gudulia tupu. Akiliweka chini na kuachia kidole, maji ya tumboni yanapanda polepole kwenye bomba. Anapiga porojo kidogo, anamtania mzee wa mstari wa mbele, analiinua tena: maji! Anamimina, tupu. Anapiga porojo tena: maji!

Kuijua siri hiyo ni rahisi. Kazi ni kulitengeneza gudulia lisilokoroma. Maji yakipanda ndani ya gudulia bovu, linakoroma kama bwana arusi aliyeshiba, na watu wa mbele wakishasikia hivyo mchezo umekwisha.

Ndiyo maana Haradhan, baba mkwe wa Protima, alilijaribu kila gudulia kwa sikio. Alikuwa fundi ambaye wachezaji walimfuata kutoka Assam na Orissa, wakilala kibarazani kwake wakingoja zamu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Subal. Mkono wa Subal ulikuwa mzuri pengine kuliko wa baba yake, lakini alikulia kando ya fuawe, na alipofika miaka ishirini na mitano masikio yake yalikuwa yamekufa kwa makelele ya nyundo. Akafua shaba vizuri asisikie inavyosema. Haradhan naye masikio yakaanza kumtoka kwa uzee. Siku moja akaita kuelekea jikoni, ambako Protima, bibi arusi wa miezi minne aliyeletwa kutoka Khagra, alikuwa anakanda unga.

"Mwanangu! Acha huo unga, njoo uniazime masikio."

Protima akaja, ushungi mpaka kwenye nyusi, mikono imejaa unga. Akasikiliza magudulia matatu.

"Hili la katikati linasema," akanong'ona.

"Linasema nini?"

"Linasema gu, gu. Kisha linanyamaza."

Haradhan akalikata gudulia lile. Ndani, kwenye tundu la chini, lehemu ilikuwa imeacha kipele kidogo kama yai la chawa. Mzee akakitazama kipele, akamtazama mkwewe, na kuanzia siku ile unga ulikandwa baada ya kazi. Protima alianza na sikio, akaendelea na lehemu, kisha nyundo. Wateja walipokuja walimsalimia Subal, wakamsifu Subal, na Subal, ambaye hakusikia neno, alicheka na kuwaonyesha kwa kidole mke wake. Wakadhani anaagiza chai.

Haradhan alikufa. Baada ya miaka mingi Subal naye akafa, asubuhi moja ya baridi, mkono umeshika koleo. Siku za matanga zilipokwisha, Protima aliwasha mkaa mwenyewe na kuketi mahali pa mumewe. Kichochoro kizima kilimtazama kutoka madirishani. Hakuna aliyesema kitu, na yeye hakungoja waseme.

Sasa njooni kwenye ile siku. Ilikuwa siku ya Bishwakarma, mungu wa mafundi, anayekaa juu ya tembo. Siku hiyo kila chombo cha kazi kinapumzika. Nyundo zinaoshwa, koleo zinaoshwa, fuawe linapakwa mafuta, vyote vinapangwa mbele ya sanamu na kutiwa alama ya poda nyekundu iliyokorogwa na mafuta ya haradali. Mpaka kesho yake hakuna anayepiga hata msumari. Madereva wanavisha magari yao maua, wachapishaji wanavisha mitambo yao maua, na vijana wote wapo juu ya mapaa wakirusha vishada na kukatana nyuzi.

Protima alikuwa amekaa chini na sahani ya poda na punje za mchele za ibada, anatia alama kwenye patasi ya mwisho, aliposikia viatu mlangoni. Alikuwa Anadinath Ghoshal, rafiki wa Subal tangu ujana, mfanya mazingaombwe wa miaka sabini na minne mwenye koti jeusi la kola ya zari iliyokwisha zari. Kwapani alibeba kitu kimefungwa kwenye taulo.

"Shemeji," alisema kabla hajavua viatu, "mumeo aliniuzia kanyaboya."

"Mume wangu ana miaka kumi na miwili tangu afe. Umechelewa kulalamika."

"Gudulia linavuja!"

"Halivuji."

"Linavuja, nakwambia! Tangu juzi nikilimimina linatoa yote kwa mkupuo mmoja. Mke wa mwanangu ameniletea ndoo, ananiambia, 'Baba, si utumie hii, angalau ina mkono.'"

Protima akacheka. Kisha akaona Ghoshal hacheki.

Maana jioni ile Ghoshal alikuwa na onyesho. Kila mwaka, siku ya Bishwakarma, wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji kilicho mwisho wa kichochoro humwita acheze mbele ya mtambo wao, na kwa miaka arobaini na mmoja hajakosa. Alicheza kiwanda kilipofurika, alicheza wiki aliyomzika mkewe. Lakini mwaka huu kamati ilikuwa imeleta vijana wa muziki na spika kubwa kama makabati. Ghoshal alipewa robo saa, kabla giza halijaingia, kabla ya vijana.

"Katibu wao kaniambia nini, unajua? 'Babu, mwaka huu tuone kama watu bado wanapenda.' Kijana yule! Nilimtoa yai sikioni akiwa na miaka mitano, akajikojolea."

"Na usipoweza leo?"

"Nisipoweza leo, shemeji, mimi ni mzee wa kisukari wa kukaa dirishani. Ninao wenzangu wengi huko. Wanahesabu teksi."

Alimimina gudulia lake ndani ya beseni ili Protima aone. Ni gudulia la Haradhan, shaba nyekundu, limevaa rangi ya miaka. Maji yalitoka kwenye bomba, kisha, badala ya kukoma, yakaendelea kutoka, mpaka tumbo zima likaisha.

"Nitalifungua kesho," alisema Protima.

"Kesho! Lifungue sasa. Pigo moja tu, dogo."

"Leo sishiki nyundo."

"Nani atajua?"

"Yule pale juu ya tembo anatutazama wote wawili. Hata angekuja yeye na gudulia lake, ningemwambia angoje kesho."

Ghoshal akatazama sanamu, akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyekutana na mkubwa wa ofisi.

"Basi niazime jingine."

Kwenye rafu yalikuwapo matatu. Alianza na lile la shaba ya manjano, ambalo Subal alimtengenezea mchezaji wa kumbi kubwa. Tumbo lake ni pana ili lionekane mpaka viti vya nyuma, na hutoa maji mara tisa, wakati lile la shaba nyekundu hutoa mara sita. Lakini likijaa ni zito kama mtoto mwenye homa, na mwenye mkono dhaifu hulishika kwa viganja viwili, jambo ambalo hakuna anayelifanya na gudulia tupu. Ghoshal alilishika kwa viganja viwili. Likatoa yote.

"Nalo limevuja," alisema.

La pili lilikuwa la shaba ya kengele, kazi ya Protima mwenyewe, na hilo, nawaambia, ukiligonga ukingo kwa ukucha baada ya kulimimina linalia *ting* kama chombo kitupu kweli kweli, ingawa tumbo limejaa. Shaba nyingine zote, zikiwa na maji ndani, zinalia kama mtu aliyezibwa mdomo. Upungufu wake ni kwamba halivumilii kuanguka. Likidondoka linapasuka kama sahani.

"Hili ni zuri," Ghoshal alisema. "Hili ni la uongo mtamu."

"Usiliangushe."

Hakuliangusha. Alilimimina, nalo likatoa yote.

La tatu lilikuwa la aluminiamu, la mashine, Protima alilinunua sokoni ajionee washindani wake. Jepesi kama kopo la maziwa, kitundu chake kimetobolewa kwa keekee bila adabu, kikubwa, kinavuta hewa kwa mluzi. Ghoshal alilishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya mkiani.

"Watu wanapanda jukwaani na hili?"

"Wengi. Ni rahisi, na halipasuki."

"Na mluzi?"

"Wanafungulia muziki."

Akalimimina. Likatoa yote, kwa mluzi.

Ghoshal aliliweka chini taratibu. "Manne," alisema. "Mikono mitatu tofauti na mashine moja. Yote yanavuja siku moja. Umewahi kuona?"

Protima alilichukua lile gudulia la Ghoshal, kazi ya Haradhan, akalijaza, akaziba kitundu na kulimimina. Maji yakatoka, yakakoma. Akaliweka chini, akangoja, akalimimina tena. Na tena. Mara sita, bila kukoroma hata mara moja, kama siku lilipotoka kwenye mkono wa mzee. Ghoshal alitazama kila mara maji yalipokoma, na kila mara uso wake ukazidi kutulia.

"Nipe mkono wako," alisema Protima.

Akampa. Kwenye ncha ya kidole gumba, palepale panapoziba kitundu, kulikuwa na lengelenge kubwa, limetuna, limeanza kugeuka njano.

"Umeungua na nini?"

"Wapi?"

Protima akaligeuza lile lengelenge kwenye mwanga. Ghoshal akalitazama kama anatazama kidole cha mtu mwingine.

"Chai," alisema. "Labda chai. Nilishika bilauri... lini? Juzi."

"Hukuhisi?"

Akakibonyeza kile kidole kwa mkono wa pili, kwa nguvu, mpaka lengelenge likapasuka. Hakushtuka. Juu ya mapaa kishada kilikatwa na vijana wakapiga yowe, "Kimekatikaaa!", na yowe likapita paa hadi paa mpaka mtaa wa pili. Protima alijua anachokisikia Ghoshal, maana aliwahi kumwona Subal akipiga fuawe tupu kwa nyundo, mara moja, mara mbili, sikio limeegemea, akingoja sauti.

"Kwa hiyo si gudulia," alisema Ghoshal.

"Si gudulia, shemeji."

"Nilikuwa naliziba. Naapa nilikuwa naliziba."

"Ulikuwa unaziba pembeni. Upana wa uzi tu. Ila hewa haihitaji zaidi ya uzi."

Ghoshal akaanza kulifunga gudulia kwenye taulo. Alilifunga vizuri, pembe juu ya pembe. "Nitawaambia nimeshikwa na tumbo," alisema. "Tumbo ni ugonjwa wa heshima. Mwambie katibu."

"Mwambie mwenyewe."

"Shemeji..."

"Kaa chini. Vidole vingine vinahisi?"

Ghoshal akavisugua kimoja kimoja kwenye suruali. Cha mwisho, hapana. Cha pete, hapana, labda. Cha kati, hapana. Cha shahada akakisugua mara mbili. "Hiki kinahisi. Kinahisi mpaka nyuzi za kitambaa."

Protima akalifungua taulo. Akamshikisha gudulia, akakisukuma kidole gumba mwenyewe mpaka kikakaa juu ya kitundu sawasawa, akaliinamisha. Maji yakatoka, yakakoma. "Usitikisike," alisema. Akatazama upande wa pili wa bega, pale ncha ya kidole cha shahada ilipotua. Kisha akavuta ile sahani ya ibada. Akachota poda nzito ya mafuta, akaipaka pale pale, akachukua punje moja ya mchele na kuibandika katikati ya wekundu.

"Unafanya nini? Umesema leo hakuna kazi."

"Nimeshika nyundo?"

"Hapana."

"Nimeshika koleo?"

"Hapana, lakini..."

"Ninatia alama ya ibada kwenye chombo cha fundi, siku ya Bishwakarma. Nani atanikataza?" Akazungusha alama nyingine nne begani ili ile ya kweli isionekane peke yake. "Leo hata pampu ya choo cha mtaa imepakwa nyekundu. Hakuna atakayeuliza. Sasa funga macho. Itafute punje kwa kidole hiki. Ukiipata, kidole gumba kipo mahali pake, hata kama hakikuambii."

Mara ya kwanza alikosa, maji yakatoka yote na kumlowesha magoti. Mara ya pili vile vile, na akasema neno ambalo sitaliandika mbele ya sanamu. Mara ya tatu kidole cha shahada kikatambaa begani, kikasimama, na Ghoshal akanyamaza kama mtu aliyegusa mlango wa nyumba yake gizani. Aliinamisha gudulia. Maji yakatoka. Yakakoma.

Hakuna aliyeshangilia. Protima alifuta beseni.

"Sikiliza," alisema. "Ile ni poda na mafuta tu. Maji yakishuka begani, mafuta yatashika kidogo, kisha yataachia. Punje ikianza kucheza, usilazimishe. Kesho nitakubandikia ya shaba, itakaa miaka."

"Kesho," alisema Ghoshal, akipangusa magoti. "Tuone kwanza kama wataniita tena."

Alikula luchi mbili, vile vimkate vya kukaangwa, alizopewa, akakataa vitumbua vya sukari kwa mkono na kuvitazama kwa macho, akaondoka.

Jua lilipoanza kushuka, ua wa kiwanda ulikuwa umejaa. Mtambo wa chapa ulivishwa maua ya manjano kutoka juu mpaka kwenye magurudumu, na mungu wa mafundi alikuwa juu ya tembo wake, kishada cha karatasi mkononi. Vijana wa muziki walikaa juu ya spika zao wakitafuna kitu, miguu inaning'inia, wakingoja babu amalize. Protima alikaa mstari wa tatu, karibu vya kutosha kusikia gudulia, mbali vya kutosha asionekane anasikiliza.

Ghoshal akapanda. Kola haikuwa na zari, lakini mgongo ulikuwa umenyooka. Alimtania katibu, watu wakacheka kidogo. Akaliinua gudulia, akawaonyesha alama nyekundu, akasema, "Hata gudulia leo lipo likizo, lakini mtaani kwetu nani amewahi kupewa likizo akapumzika?" Wakacheka zaidi. Kidole cha shahada kilitambaa, Protima alikiona, kikasimama. Maji yakaangukia ndoo ya bati, yakakoma. Gudulia likageuzwa juu chini. Tupu, halikudondosha tone.

Akaliweka chini, akapiga porojo, akaliinua. Maji. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ee!" Akaliweka, akaliinua. Maji. Sasa walianza kuhesabu kwa sauti, wachapishaji kwanza, wake zao baadaye, na mmoja wa vijana wa muziki akaacha kutafuna. Mara ya nne hata katibu alihesabu. Na mara ya tano, ndugu zangu, na ya sita, ya tisa, ya kumi na mbili, gudulia lile likazidi kutoa, ndoo ikafurika, maji yakateremka jukwaani yakafika kwenye magurudumu ya mtambo, vijana wa muziki wakashuka kwenye spika zao wakapiga magoti, na Ghoshal, machozi yanamtoka, akaliinua mara ya ishirini, juu ya kichwa chake kabisa, na kutoka ndani yake yakamwagika ma—

"Nne," amesema Protima, ambaye ninamsomea haya huku anapuliza mkaa. "Alimimina mara nne. Ya tano punje ilicheza, akaihisi, akaliweka chini mwenyewe na kuwaunganishia viganja kuwaaga. Wakampigia makofi kwa hizo nne. Futa hapo, andika nne."